Uchache wa Maneno Si Umaskini wa Lugha

Apitaye Mtaa wa Msimbazi asubuhi, wakati wachuuzi wanapopanga bidhaa na wavuta mikokoteni wanapopaza sauti kuomba njia, ataliona jambo moja ambalo wazee wetu wa siku za kudai Uhuru hawakuliona. Mama auzaye vitenge huchukua simu yake ndogo ya vitufe, akabonyeza nyota, tarakimu chache, nyota tena, kisha reli. Na kabla mteja hajamaliza kukikunja kitenge chake, fedha zimeondoka Kariakoo zimefika Songea. Huduma ya namna hiyo ilianza kuenea nchini tangu mwaka 2008, Vodacom ilipoleta M-Pesa, na leo ni vigumu kuupata mtaa wa Dar es Salaam usio na kibanda cha wakala.

Mama huyo amezungumza na mashine, tena kwa lugha yenye alama kumi na mbili tu: tarakimu kumi, nyota na reli. Ujumbe anaojibiwa hauwezi kuzidi herufi 182, kwa kuwa ndivyo njia hiyo ya mawasiliano ilivyowekewa mpaka. Kwa sababu ya uchache huo, lugha hiyo hufanya kazi katika simu ya bei ndogo kabisa, pasipo intaneti, na mtu hujifunza kwa kumtazama jirani yake mara mbili.

Lakini hapana budi tuseme kweli yote. Lugha hiyo ni ya kuchagua, wala si ya kuamuru. Mama huchagua namba moja au namba nne katika orodha aliyoandikiwa na mtu mwingine. Hana uwezo wa kuongeza namba ya tano. Aliyeiandika orodha ndiye mwenye amri, naye aliiandika kwa lugha ya namna nyingine, yaani lugha ya kutungia programu. Lugha za namna hiyo ndizo tunazokusudia kuzieleza leo, na hoja yetu twaitaja mapema. Wanaozibuni lugha hizo wamegawanyika tangu zamani: wako wapendao lugha kubwa yenye maneno na kanuni nyingi, na wako wapendao lugha ndogo. Kwa taifa kama letu, lugha ndogo ndiyo itakayowafikisha wananchi wengi penye amri, kwa sababu lugha ndogo ndiyo iwezayo kuhamishiwa yote katika Kiswahili, na kukaa yote katika kichwa cha mtu mmoja.

LUGHA KUBWA NA LUGHA NDOGO

Kompyuta yenyewe haifahamu neno lolote la binadamu. Inafahamu umeme kuwapo na umeme kutokuwapo, basi. Ili mtu asipate taabu ya kuandika amri zake kwa sifuri na moja, wataalamu walibuni lugha za katikati, ambazo mtu huziandika kwa maneno na mashine huzigeuza kuwa amri zake.

Mwaka 1959 kamati ya wataalamu huko Marekani ilianza kuunda lugha iitwayo COBOL kwa ajili ya hesabu za maofisini. Nia yao ilikuwa njema: walitaka programu isomeke kama sentensi za Kiingereza, hata mkuu wa ofisi asiye fundi aielewe. Basi wakaijaza maneno, na baada ya miaka maneno yake maalumu yakapita mia tatu. Mwaka mmoja kabla yao, John McCarthy wa chuo cha MIT alikuwa amekwisha kushika njia iliyo kinyume. Lugha yake, iitwayo Lisp, ilisimama juu ya shughuli chache za kushughulikia orodha na namna moja tu ya kuandika, ambayo ni kuzungushia kila kitu mabano.

Njia hizo mbili zimeendelea hadi leo. Dennis Ritchie wa maabara za Bell aliunda lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kanuni zake zilipowekwa rasmi mwaka 1989 ilikuwa na maneno maalumu 32. Kutokana na C ilizaliwa C++, na kitabu cha kanuni zake cha mwaka 2020 kina kurasa zaidi ya 1,800. Kutokana na Lisp ilizaliwa Scheme, iliyobuniwa mwaka 1975 na Guy Steele na Gerald Sussman. Taarifa ya kanuni zake ya mwaka 1998 inaenea katika kurasa 50. Naye Niklaus Wirth wa Uswisi, aliyefariki tarehe 1 Januari, 2024, alianza na Pascal mwaka 1970, kisha akatumia maisha yake kupunguza, hata taarifa ya lugha yake ya Oberon ikawa na kurasa 16.

Tuzitazame hesabu hizo kama tunavyotazama mizani ya sokoni: 1,800 upande mmoja, 50 na 16 upande wa pili. Ni nani awezaye kusema kwamba amezisoma kurasa 1,800 na kuzikumbuka? Watu hujifunza kipande, kila mmoja kipande chake, hata ikatokea wafanyakazi wawili wanaoandika lugha moja wasiweze kusomeana kazi zao. Hatukatai kwamba lugha kubwa zimejenga mambo makubwa. Ndege, mabenki na michezo ya kompyuta huziendesha. Lakini chombo ambacho mtumiaji wake hakijui chote humfunga. Kila kinapoharibika yampasa amtafute mjuzi, na mjuzi mara nyingi yuko mbali. Daudi alipokwenda kumkabili Goliathi alivikwa silaha za mfalme Sauli, chapeo na dirii, akashindwa hata kutembea. Akazivua, akaenda na kombeo aliloizoea mkono wake. Hakuzivua kwa sababu zilikuwa mbovu. Alizivua kwa sababu hakuwa amezijaribu.

FUNZO LA MWAKA 1974

Nchi yetu ina kisa chake katika jambo hili, na vijana wengi hawakijui. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ikaamuliwa hesabu za Serikali zihamishiwe katika mashine. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni, nasi tulikuwa hatujawa na wananchi wa kutosha wenye elimu hiyo. Matokeo yake yalikuwa mabaya: hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na Wizara ikalazimika kurudia mashine zake za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango huo kufunguliwa.

Wako wanaocheka marufuku hiyo leo. Wasicheke upesi. Kilichokosekana mwaka ule hakikuwa mashine, kwa maana mashine ilikuwapo. Kilichokosekana ni mwananchi awezaye kuifungua kazi ile, akaisoma toka mwanzo hadi mwisho, akasema: kosa liko hapa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha za kuazima haziwezi kuwa msingi wa maendeleo. Maarifa ya kuazima nayo yana hukumu iyo hiyo.

MZIZI MMOJA, MATAWI MENGI

Msomaji aweza kuuliza: lugha yenye maneno machache itawezaje kusema mambo mengi? Jibu analo mwenyewe kinywani.

Chukua neno moja la Kiswahili, soma. Litie kiungo kimoja, lawa someka. Kingine, lawa somea, kingine, somesha. Viunganishe viwili au vitatu, nawe wapata someshwa, someana, someshana. Viungo hivyo havizidi idadi ya vidole vya mikono miwili, lakini huingia katika vitenzi elfu na elfu, kila mahali kwa maana ile ile. Mtoto ambaye hajapata kusikia neno "piganishwa" ataelewa maana yake siku ya kwanza, kwa sababu vipande vyake anavijua. Huo ndio uchache wanaoutafuta wabunifu wa lugha ndogo: vipande vichache, kila kimoja na kazi yake, na vyote vikubali kuunganishwa pasipo vighairi.

Aliye Kariakoo anaweza kuuona uchache huo kwa macho. Soko lililosanifiwa na ndugu Beda Amuli na kujengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, ambalo liliungua Julai 2021, lilipata sifa kwa paa lake. Amuli hakubuni maumbo mia. Alichukua umbo moja la zege, mfano wa mwavuli uliogeuzwa, akalirudia safu kwa safu hata likawa ukumbi mzima. Mwavuli ule ulitia kivuli, ulipitisha hewa, na ulikinga maji ya mvua yakashuka kwenda kuhifadhiwa chini. Umbo moja lilibeba kazi tatu.

Katika lugha za kompyuta, mfano ulio karibu nasi kwa hali ya maisha umetoka Brazili. Nchi ile kwa miaka mingi, hadi 1992, ililinda soko lake la kompyuta kwa sheria kali, ikawa vigumu kununua programu kutoka nje. Mwaka 1993 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, ndio Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, waliunda lugha yao wenyewe kwa ajili ya wahandisi wa shirika la mafuta la Petrobras. Wahandisi hao hawakuwa watungaji wa programu kwa kazi yao. Hivyo lugha ilipaswa kuwa nyepesi. Wakaiita Lua, neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Matoleo yake yana maneno maalumu yapatayo 22. Data zote zinazohitaji kupangwa hupangwa katika umbo moja tu, jedwali: ukitaka orodha, ni jedwali, ukitaka kamusi, ni jedwali, ukitaka daftari la wateja, ni jedwali. Lugha hiyo iliyozaliwa kwa shida ya nchi isiyo tajiri leo imo ndani ya programu na michezo inayouzwa katika nchi tajiri. Wabrazili hawakushindana na wakubwa kwa ukubwa.

NURU

Katika miaka hii ya 2020 vijana wa Kitanzania nao wameunda lugha ya kutungia programu kwa maneno ya Kiswahili, wakaiita Nuru. Imeandikwa kwa lugha ya Go, na hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, ili kila mtu ayasome na kuyarekebisha. Maneno yake maalumu hayafiki thelathini. Kama na sivyo ni ya kuamulia. Wakati na kwa ni ya kurudia kazi. Unda ni ya kutengeneza kazi mpya. Rudisha ni ya kutoa jibu. Kweli na sikweli hayahitaji mkalimani. Tuseme muuza nyanya anataka jumla ya mauzo matatu. Ataandika hivi:

fanya jumla = 0
kwa bei ktk [500, 1200, 800] {
    jumla = jumla + bei
}
andika(jumla)

Mashine itaandika 2500. Msomaji ambaye hajapata kuiona programu maishani mwake ameisoma hii na kuielewa sehemu kubwa: pana jumla iliyoanza na sifuri, pana bei zilizochukuliwa moja moja, na mwisho jibu limeandikwa. Na atakapokosea, Nuru humwambia kosa lake kwa Kiswahili.

Wako wanaosema: kuna faida gani kuandika kama mahali pa neno la Kiingereza? Kijana atakwenda kuajiriwa, na kazini atakuta lugha za Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Ni kweli kwamba maneno thelathini ya kigeni mtu huyakariri kwa juma moja. Ikiwa kazi ya Nuru ni kubadilisha maneno thelathini tu, basi imetusaidia kidogo.

Lakini kizuizi cha kijana wa Kariakoo hakiko katika maneno hayo thelathini. Kiko katika kurasa zinazoyaeleza. Kiko katika ujumbe wa kosa unaomjia usiku akiwa peke yake, kwa sentensi ambazo mwalimu wake mwenyewe angezisoma mara mbili. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akageuziwa Kiingereza sekondari, na sasa anatakiwa ajifunze mambo mawili kwa wakati mmoja: fikra mpya na lugha ya kuielezea. Mzigo huo wa pili ndio unaoweza kuondolewa, na lugha ndogo ndiyo yenye kuondoleka mzigo wake wote. Kurasa hamsini zinatafsirika. Walimu wachache wanaweza kuzitafsiri, wakazihakiki, wakazichapisha, na mwaka ujao wakazisahihisha. Kurasa 1,800 hazitatafsiriwa, na hata zikitafsiriwa zitakuwa zimekwisha kubadilishwa kabla wino haujakauka.

Jambo hili tumekwisha kulijaribu kwa upande wa programu za ofisini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu katika Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini programu kubwa haingoji. Kila toleo jipya huleta maneno mapya kwa mamia, na anayetafsiri hukimbia nyuma yake daima. Mwenye kukusudia kuihamisha nyumba hana budi kupima kwanza kama mikokoteni aliyo nayo yatosha.

UCHACHE NAO UNA GHARAMA

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji kama tungesema uchache hauna dhara. Kazi isiyofanywa na lugha haipotei, humwangukia mfanyakazi. Lugha ya Go yenyewe, iliyotangazwa na Google mwaka 2009 ikiwa na maneno maalumu 25, ni mfano mzuri. Wabunifu wake walikataa kuweka njia ya kuandika kazi moja itumike kwa aina nyingi za data. Kwa hiyo mfanyakazi aliyetaka kupanga orodha ya namba na orodha ya majina mara nyingi alilazimika kuandika jambo lile lile mara mbili. Malalamiko yakaendelea zaidi ya miaka kumi. Machi 2022 wabunifu wakakubali, wakaiongeza. Walifanya vizuri kuchelewa, kwa maana kilichoongezwa hakiondoleki kwa urahisi. Na walifanya vizuri kusikia, kwa maana lugha ni ya wanaoitumia.

Wenye Scheme nao waligawanyika. Taarifa yao ya mwaka 2007 ilipanuka sana, na wengi wakakataa kuifuata. Mwaka 2013 wakatoa taarifa mpya ya lugha ndogo, na mambo makubwa yakatengwa kwa kazi nyingine. Huo ndio utaratibu wa busara: kiini kiwe kidogo na kisichezewe, na vifaa vingi viwekwe ghalani, kila mtu achukue anachokihitaji.

Kwa kipimo hicho, uchache wa Nuru leo ni wa namna mbili, na yafaa tuzitenganishe. Uchache wa maneno ni uzuri wake. Uchache wa vifaa vya tayari na vitabu vya mazoezi ni upungufu, na upungufu huo hauponi kwa sifa za magazetini. Unapona kwa kazi.

KAZI ILIYO MBELE

Kazi ya kwanza ni kitabu. Kiandikwe kitabu kimoja kamili cha Kiswahili cha lugha moja ndogo, chenye kanuni zake zote, mazoezi na majibu. Iwe Nuru, iwe Lua, iwe nyingine. La msingi ni kwamba kiwe chote, kisiwe dondoo za mwanzo zinazomwacha msomaji njiani.

Ya pili ni istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakae pamoja na vijana wanaotunga programu. Neno linaloamuliwa mezani bila fundi hubaki mezani.

Ya tatu ni darasa la jioni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wafanyakazi waliotoka kazini wamechoka walikaa katika madawati ya watoto wakajifunza kusoma na kuandika. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, iko penye Barabara ya Morogoro na ya Bibi Titi Mohamed, mwendo wa miguu kutoka sokoni. Ofisi ndogo ya Chama iko Lumumba, karibu zaidi. Fundi simu, karani wa duka na dereva wa bodaboda hawahitaji shahada ili wajifunze maneno thelathini. Wanahitaji chumba, mwalimu, mashine chache, na kitabu wanachoweza kukisoma.

Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ile ile ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. TANU ilikichagua Kiswahili kwa kuwa kiliwawezesha mkulima wa Bukoba na kuli wa bandarini kusikia hoja moja na kuijibu. Leo hoja nyingi za maisha ya mfanyakazi, mshahara wake, mkopo wake na bei ya mzigo wake, zinaamuliwa ndani ya programu asizoweza kuzisoma. Wanachama wenye elimu hii wajitokeze waianze kazi ya kitabu mwaka huu, na matawi yatoe vyumba.